Mguu Mwepesi wa Mama Noela

Fundi Hudhaifa alirudi na gari, ile Noah, kiwiko kikiwa nje ya dirisha, akaiingiza chini ya turubai la gereji yake pale Bunju, akashuka akizungusha funguo kidoleni. Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa kuua nyoka chumbani akakuta mkanda wa suruali.

"Gari nzima hii, dada yangu," alimwambia Felicitas. "Nimeenda nayo mpaka karibu na Mapinga, nikageuza. Nimeikanyaga haswa. Inaruka kama swala."

"Haijasita popote?"

"Popote. Na mashine ya kupimia nimeichomeka, inasema haina kosa. Plagi nilishabadilisha juzi, mdomo wa hewa nimesafisha. Sasa mie nitengeneze nini? Niharibu kwanza ndiyo nitengeneze?"

Audax, shemeji yake Felicitas, alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu akichokonoa meno kwa kijiti. Alicheka kwa raha zote.

"Si nilikwambia, fundi? Ugonjwa hauko chini ya boneti. Uko kwenye kiti cha dereva."

Mwenye bajaji aliyekuwa akisubiri tairi lake lizibwe naye akacheka. Hudhaifa hakucheka sana, lakini alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomchoma Felicitas kuliko vicheko vya wengine.   Maneno alikuwa nayo. Yalikuwa mengi mno, yakasongamana kama abiria kwenye lango la kivuko.

Kama gari lilikuwa zima, basi mbovu alikuwa yeye. Na kama mbovu alikuwa yeye, funguo zingeingia mfukoni mwa Audax siku hiyohiyo ya Jumamosi, na kuanzia Jumatatu watoto aliowabeba kila asubuhi wangebebwa na mtu mwingine. Ndivyo ilivyokubaliwa. Au tuseme ndivyo ndugu wawili walivyokubaliana kwenye simu: Audax akiwa Bunju, na Edgar, mdogo wake, mume wa Felicitas, akiwa kazini kwake Dodoma. Felicitas alipewa taarifa tu, kama mtu anavyopewa taarifa ya kukatika kwa maji.

Kazi ile hakuitafuta. Alikuwa akimpeleka mwanawe Noela shule, kule Boko, jirani mmoja akaomba nafasi ya mtoto wake, jirani wa jirani naye akaomba, mpaka viti vyote vikajaa na gari likageuka kuwa la mtaa mzima. Felicitas aliipenda kazi ile kwa namna ambayo hakuweza kuieleza mbele ya watu wazima bila kuona haya. Alijua nani hutapika akikaa nyuma, nani hulia akiachana na mama yake na nani hulia akirudishwa kwake. Wengi walipanda na vikombe vya uji mkononi, uji ambao nyumbani ulikosa muda wa kunyweka. Kwa ajili ya vikombe vile alijizoesha kukanyaga mafuta kana kwamba chini ya kanyagio kuna yai, na watoto walishuka Boko na mashati meupe vilevile kama walivyopanda nayo.

Kisha gari likaanza kusita. Akigusa mafuta kidogo, injini ilikuwa kama mtu aliyepaliwa: inavuta, inaacha, inavuta tena. Alimwambia Audax, ambaye mwisho wa wiki huliazima kwa shughuli zake. Audax akasema hajaona tatizo lolote. Alimwambia Edgar. Edgar akasema, muulize kaka.

Wakati wanaulizana, siku ikafika. Alikuwa anatoka mtaani kuingia Barabara ya Bagamoyo, anakata kulia kuelekea Boko. Akasubiri mpaka njia ikawa nyeupe, akaona tipa tupu kwa mbali likirudi machimboni kuchukua mchanga, akapima, akaona nafasi inatosha na kubaki. Akagusa mafuta. Gari likatoka, likafika katikati ya barabara, likapaliwa. Lile tipa likapiga honi ndefu isiyokatika. Felicitas akakandamiza kanyagio mpaka chini, na hapo gari likaruka mbele kwa kishindo, watoto wakatupwa huku na huku, uji ukaruka mpaka kwenye dari. Muhannad, mtoto wa Manal, akagonga mdomo kwenye kiti cha mbele yake. Damu ikamchuruzika kwenye shati. Felicitas aliegesha pembeni, akamfuta kwa khanga yake mwenyewe, akamwimbia mpaka damu ikakata.

Manal alikuwa na duka la vitambaa pale senta, duka lililokuwa la babu wa mumewe, na ulimi wake ulikata vizuri kuliko mkasi wake. Jioni ile aliandika kwenye kundi la wazazi: "Watoto wetu si mifuko ya saruji. Huyu mama hajui gari, na mie nimethibitishiwa na shemeji yake mwenyewe. Muhannad hapandi tena."

"Na shemeji yake mwenyewe." Felicitas alilisoma hilo mara nyingi. Kumbe kabla hata hajaja kumpa pole, Audax alikuwa amepita dukani kwa Manal, akaegemea kaunta, akasema kwamba wanawake wana mguu wa woga na kwamba yeye ataweka dereva mwanamume anayeeleweka.

Sasa, pale gereji, Hudhaifa aliacha kuzungusha funguo. Akanyoosha mkono kuzitoa, na mkono wenyewe ukampita Felicitas, ukaelekea kwa Audax.

Felicitas alizidaka njiani.

"Nimekuja nalo mimi," alisema. "Na mafuta yaliyomo nimeweka mimi."

"Taratibu, Mama Noela," Audax alisema. "Hakuna anayegombana hapa."

"Mie nagombana."

Akapanda, akafunga mlango kwa nguvu, akatoka.

Alishika barabara ya kwenda Mabwepande bila kujua anakwenda wapi. Hasira ndiyo iliyokuwa ikiendesha. Alikanyaga mafuta kama ambavyo hajawahi kukanyaga maishani mwake, injini ikanguruma, vibanda vya chipsi na maduka ya simu vikapita kwa kasi, mwanamume mmoja mwenye mkokoteni akaruka pembeni na kumtukana. Gari halikusita. Likaenda vizuri kabisa, likiwa na nguvu, likiruka kama swala.

Hapo ndipo alipoogopa. Inawezekana wanasema kweli? Inawezekana ni yeye, mguu wake, woga wake, na mdomo wa mtoto wa watu umepasuka kwa sababu yake? Machozi yalimtoka akayafuta kwa kiganja kama anayefuta jasho. Mbele yake mbuzi walikuwa wanavuka. Alipunguza mwendo, akawasubiri wamalize upuuzi wao, kisha akaondoka kama anavyoondoka siku zote, polepole, mguu ukiwa juu ya yai.

Gari likapaliwa.

Aliachia, akagusa tena. Likapaliwa tena. Akakanyaga mpaka chini: likaruka. Akarudi kwenye mguu wake: likasita. Alirudia jambo lile barabarani kama mtu aliyerukwa na akili, mwenye pikipiki nyuma yake akipiga honi, mpaka alipopata uhakika. Gari lilikuwa na ugonjwa unaojificha kwa wababe na kujitokeza kwa wapole. Audax hukanyaga kama anaua mende. Hudhaifa naye, kumbe, "nimeikanyaga haswa." Wangeuona wapi?

Aligeuza. Hasira haikuwa imeisha, ila sasa ilikuwa na macho.

Nje ya gereji palikuwa na dada mmoja auzaye uji na chapati. Felicitas alinunua uji kikombe kimoja, akaomba ajaziwe mpaka ukingoni.

"Kikombe changu kirudi," dada wa uji alisema.

"Kitarudi. Uji ndiyo sikuahidi."

Akaingia gereji akiwa amekishika kwa mikono miwili. Audax bado alikuwa juu ya tairi lake.

"Hee, sasa tunakunywa chai?" Audax alisema. "Au ndiyo dawa ya gari?"

Felicitas alimpita. Akamfuata Hudhaifa, aliyekuwa amelala chini ya gari jingine miguu ikiwa nje.

"Fundi, toka. Tunakwenda tena. Unaendesha wewe, mie nakaa pembeni na huu uji. Sharti moja, usimwagike."

Hudhaifa alijisukuma nje, akakaa, akaangalia kikombe. "Na ukimwagika?"

"Utanifulia sketi."

Mwenye bajaji aliangua kicheko. "Nenda, braza, umepatikana."

Wakapanda. Audax alijitia nyuma ili asipitwe na kichekesho, akajikunja kwenye kiti cha watoto. Hudhaifa aliwasha, akaweka gia, akaondoka kama alivyozoea, na uji ukamwagika kabla hawajatoka getini.

"Hujafika popote umeshamwaga," Felicitas alisema. "Anza upya. Watoto wako nyuma, wamevaa mashati meupe. Mama zao ndiyo wanaofua."

"Mtoto mwenyewe mmoja, kanenepa," Hudhaifa alisema akimwangalia Audax kwenye kioo. Lakini safari hii alikaza macho kwenye kikombe, akalegeza mguu, na gari likatoka kama bibi harusi. Walipita maduka, wakapita msikiti, wakafika mahali lami inapoanza kupanda kidogo. Hudhaifa akaongeza mafuta kwa unyayo tu, bila kukandamiza.

Gari likapaliwa. Uji ukaruka, ukamwagikia Felicitas mapajani, wa moto. Hakupiga kelele wala hakujifuta. Alimwangalia tu Hudhaifa.

Hudhaifa aliachia, akagusa tena. Likapaliwa tena. Tabasamu likamtoka usoni taratibu.

"Barabara hii ina mashimo," Audax alisema kutoka nyuma.

"Lami hii, braza," Hudhaifa alisema. "Nyamaza kidogo nisikie."

Walirudi gereji. Hudhaifa alifungua boneti, akaacha injini ikinguruma taratibu, akainama sikio likiwa karibu kabisa na chuma kama daktari wa watoto. Akachukua kopo la dawa ya kusafishia, ile ya kupuliza, akaanza kuinyunyiza kidogokidogo kwenye maungio ya mipira, hapa, pale, akisikiliza kila mara. Injini haikubadilika. Akaingiza mkono nyuma, pahala ambapo jicho halifiki, akapuliza huko. Mngurumo ukabadilika ghafla, ukapanda, kisha ukashuka.

"Ehe," alisema. "Uko huku, mshenzi wewe."

Akazima. Akahangaika na bisibisi na matusi ya chini kwa chini, mwisho akautoa mpira mfupi mweusi, mnene kama kidole gumba, uliojikunja kama kiwiko. Katikati yake ulikuwa umezungushiwa utepe wa tyubu ya baiskeli, tabaka juu ya tabaka, ukakazwa kwa fundo. Oili ilikuwa imeulegeza utepe ule ukavimba na kulainika kama bamia. Alipoukunja mpira kwa vidole, ufa ukafunuka.

"Njoo uone, dada," alisema. Sauti yake sasa ilikuwa nyingine. "Injini inavuta pumzi kwa mdomo mmoja, ule wa mbele, na hewa ya pale inapimwa ndiyo mafuta yakatwe ya kuitosha. Ukikanyaga kidogo, ule mdomo umefumbwa karibu wote. Injini inanyonya kwa nguvu, inaukuta huu ufa, inavuta hewa ya wizi ambayo haikupimwa. Hewa nyingi, mafuta machache. Inapaliwa. Ukikanyaga mpaka chini mdomo uko wazi, haina haja ya wizi. Inaruka."

"Kwa hiyo halikuwa zima."

"Halikuwa zima."

"Na mie sikuwa naota."

Hudhaifa alijifuta mikono kwa tambara, na ilimchukua muda kuinua macho. "Hapana. Nilimsikiliza anayeongea sana. Nisamehe kwa hilo." Kisha akauinua ule mpira. "Ila hii kazi si yangu. Mie sifungagi gari tyubu ya baiskeli. Nani kafunga?"

 Mwenye bajaji, ambaye tairi lake lilikuwa tayari tangu zamani lakini aondoke aende wapi, alimwangalia Audax. Kila mtu akamwangalia Audax, kwa sababu alikuwa ameacha kuchokonoa meno.

"Hiyo ya Singida," Audax alisema hatimaye. "Desemba, tukienda Bukoba Krismasi. Mpira ulipasuka njiani, duka la vipuri hakuna, mke wangu na watoto wako juani. Kuna fundi baiskeli pale kijijini, akanikatia kipande, nikafunga. Tukafika. Tena ikaturudisha."

"Ikawarudisha," Felicitas alisema. "Halafu?"

"Halafu nini?"

"Uliporudisha gari ulinipa funguo, ukanipa na ndizi. Mbona hukunipa na hilo neno?"

"Nilisahau, Mama Noela. Kitu kidogo kama hicho. Gari lilikuwa linatembea vizuri."

"Nilipokwambia linasita, ulisahau? Nilipokwambia mara ya pili?"

"Mie sikuona linasita. Kweli kabisa. Mungu anajua."

Na jambo la kusikitisha ni kwamba alikuwa anasema kweli. Hakuwa na hila. Hakupanga kumwangamiza mtu. Alikuwa ameziba tundu kwa nia njema, akalisahau. Kisha mwanamke alipolalamika, kichwa chake kikakimbilia jibu lililokuwa jepesi zaidi na kikaketi hapo kwa starehe. Felicitas aliliona hilo wazi, na lilimkasirisha kuliko kama angekuwa adui. Adui angalau hufikiri kwanza.

"Basi imepatikana," Audax alisema, akisimama na kujipangusa suruali. "Fundi aweke mpira mpya, mambo yaishe. Tumshukuru Mungu hakuna aliyekufa."

"Mambo hayajaisha."

"Unataka nini tena? Funguo si unazo?"

"Nataka Jumatatu asubuhi upande na mimi. Geti kwa geti. Ushuke, umwambie kila mzazi kwa mdomo wako kwamba gari lilikuwa bovu, na ubovu uliuficha wewe."

Audax alicheka kidogo, akiwatafuta wenzake wa kucheka nao. Hakuwapata. "Mimi? Nikasimame kwenye mageti ya watu kama muuza mbogamboga? Mimi ni kaka mkubwa wa mume wako, Mama Noela. Haya mambo yanamalizwa ndani."

"Ulinichafua nje, shemeji. Siwezi kusafishwa ndani."

Alimwomba Hudhaifa ule mpira wa zamani, akaufunga kwenye karatasi ya chapati, akautia mkobani. "Usipokuja, nitaenda nao huu mwenyewe. Nitauonyesha kila geti na kusema umetoka wapi. Chagua nani aseme."

Usiku haujaingia Edgar alishapiga simu. Alianza kwa kuulizia Noela, akaulizia mvua, kisha akafika kwenye hoja yake.

"Feli, umeshinda. Gari limepona, unaendelea na watoto wako. Sasa kaka umwache. Ni mkubwa. Ukimdhalilisha yeye umenidhalilisha mimi."

"Mimi niliposemwa kwenye kundi la wazazi, wewe ulidhalilika?"

Edgar akarudia kuulizia mvua.

"Uliisoma ile meseji, Edgar. Nakuuliza, ulidhalilika?"

"Nilijua yatapita."

"Yalipita juu yangu. Uliambiwa mke wako hajui kazi yake, ukasema mpe kaka funguo. Hukuniuliza hata uji ulimwagikia wapi. Sitaki kukufokea, nakupenda, lakini usiniombe hili."

Alikata simu, akakaa kitandani akilia kwa hasira, kilio kikavu kinachouma mbavu. Alitaka sana kuwa mtu wa kusamehe. Mama yake alimlea hivyo, na moyo wake wenyewe ulielekea huko bila kusukumwa. Lakini kila alipojaribu kusamehe aliona kwamba anaombwa kukubali uongo kwanza, na msamaha wa namna hiyo aliuona kama ule utepe wa tyubu: unafikisha watu Krismasi, kisha unaua watoto barabarani.

Jumatatu, kabla Felicitas hajawasha gari, Audax alikuwa amesimama langoni. Alivaa shati la kanisani.

"Shikamoo, shemeji," Felicitas alisema. Salamu hakumnyima.

"Marahaba," Audax alisema chini chini, akapanda mbele.

Kwenye geti la kwanza alishuka, akamwambia baba wa mtoto kwamba gari lilikuwa na tatizo dogo la kiufundi ambalo sasa limeshughulikiwa. Alitumia maneno makubwa kama msemaji wa wizara. Akarudi, akafunga mlango. Felicitas hakuondoka.

"Twende," Audax alisema.

"Hujasema nani."

"Mama Noela, watoto wanachelewa."

"Basi sema haraka."

Alishusha kioo. Alimwita yule baba aliyekuwa ameshageuka, akasema, akiangalia dashibodi, kwamba tundu alilifunga yeye na hakumwambia mtu, na kwamba dereva hakuwa na kosa. Yule baba alisema, "Haya, tumesikia," akamtazama Felicitas kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu siku ile. Kwenye mageti yaliyofuata Audax alisema yote bila kusukumwa, kila mara kwa maneno machache zaidi, kama mtu anayevua nguo zilizolowa.

Geti la Manal lilikuwa la mwisho, na hakuna aliyelitarajia, kwa kuwa Muhannad hakuwa tena wa gari hili. Felicitas alisimama hata hivyo, akapiga honi mara moja. Manal alitoka na baibui lake na kikapu cha dukani mkononi. Mtoto alikuwa nyuma yake na sare, akisubiri bajaji. Mdomo wake wa chini ulikuwa bado na kigaga.

Audax alishuka. Felicitas naye alishuka, akasimama upande wa pili wa gari, mikono kifuani.

"Nimekuja kusema," Audax alianza.

"Sema basi, mie nina duka."

Akasema. Manal alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Wewe ndiye uliyeegemea kaunta yangu," Manal alisema. "Ukaniambia nimtoe mwanangu kwa huyu mama. Ulijua?"

"Sikujua."

"Uliuliza?"

 "Sikuuliza."

"Na mie nikakuamini, kwa sababu una ndevu na unaongea kwa sauti." Manal aliweka kikapu chini. Hasira yake, iliyokuwa imekaa sehemu moja siku zote zile, ilionekana ikizunguka kutafuta pa kukaa, na sehemu yake moja ikamrudia mwenyewe, mashavu yakamwiva. "Mtoto anaogopa gari sasa. Hata kwenye bajaji jana alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Hilo nani atamwambia liishe?"

 Muhannad alikuwa anamwangalia Noela kupitia kioo cha nyuma, na Noela alikuwa anamwonyesha ulimi wenye rangi ya pipi.

"Sina cha kumwambia," Felicitas alisema. "Mie pia naogopa pale barabarani. Lakini nafasi yake ipo. Sikumpa mtu."

 Manal akamsogeza Audax kwa kiwiko, si kwa ukali wala kwa upole, akafungua mlango wa mbele, akapanda kwenye kiti alichokuwa amekalia Audax. Akampakata mwanawe.

"Leo napanda mwenyewe mpaka Boko nikaone," alisema. "Duka litasubiri."

Audax alibaki amesimama vumbini na shati lake la kanisani. Kiti pekee kilichobaki kilikuwa cha Muhannad. Alimtazama Felicitas kama anayesubiri kuambiwa ajibanze wapi. Felicitas alizunguka, akapanda, akafunga mlango.

"Bodaboda zipo pale kona, shemeji," alisema.

Ndani ya gari Manal alifunga mkanda, akauzungusha na mtoto, akaona haufai hivyo, akampitisha mtoto nyuma kwenye kiti chake kilekile na kumfunga mkanda wake.

"Sijakusamehe mdomo wa mwanangu," alisema akiangalia mbele.

"Na mie sijakusamehe ile meseji."

"Haya," Manal alisema. "Nitaifuta, na nitaandika nyingine. Hiyo ya pili usinisahihishie." Akageuka nyuma, akamnyoosha mtoto kola ya shati. "Endesha sasa. Watachelewa."